Hiyo "hakuna bahati mbaya kwa Mungu", naomba tuiongee vizuri

Kuna sentensi moja nimeisikia kanisani tangu nikiwa mtoto mpaka leo nina watoto wangu, na najua hata wewe umeisikia, kama siyo madhabahuni basi umeisoma nyuma ya daladala: hakuna kinachotokea kwa bahati mbaya. Mhubiri akiitamka watu wanaitikia amina kwa nguvu zote, na siwalaumu, ni sentensi inayompa mtu moyo, unatoka pale unajiona kumbe kila kitu kwenye maisha yangu kimepangwa, hata nisichokielewa. Mimi nilikuwa naitikia vilevile. Siku hizi siitikii tena, na bado nasali kila siku na Jumapili niko kanisani, na watu wakijua hayo mawili wananishangaa, kwa hiyo nataka nieleze yanakaaje pamoja.

Kwetu Mwanza tumezaliwa watano, baba mmoja mama mmoja. Wa tatu ni dada, na dada ana sikoseli, selimundu kama wanavyoandika hospitali. Ilianza akiwa hajafikisha hata mwaka, vidole vya mikono na miguu vikavimba kama vimeumwa na nyuki, analia usiku kucha, majirani wakasema ni jicho la mtu, baadaye macho yakawa ya njano, akalazwa, akaongezewa damu, akatoka, akalazwa tena. Mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kutumwa na chupa ya uji wodini kwa hiyo nakumbuka. Na ninachokikumbuka zaidi, zaidi hata ya kilio chake, ni jinsi mama alivyokuwa anahojiwa. Madaktari hawakumhoji. Waliomhoji ni watu wa maombi.

Maana ukishasema hakuna bahati mbaya, basi lazima ipo sababu, na sababu ikianza kutafutwa haitafutwi mbali, inatafutwa kwa mama. Kwenu kuna nini? Bibi yako alikuwa anatambika? Kabla ya ndoa hukuwahi kutoa mimba? Wakamuuliza hivyo mama yangu, mwanamke aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi ili hela ya dawa ipatikane. Akafunga siku tatu kavu. Akaenda kuvunja laana ya ukoo wao, hali ikawa ileile, akaambiwa basi hii ya kwenu imevunjika iliyobaki ni ya ukoo wa mume, baba akakataa kata kata kwenda, ndani ya nyumba wakawa hawaongei vizuri karibu miaka miwili. Kuna siku ilitangazwa mbele ya watu kwamba mtoto amepona, dawa zikapandishwa juu ya kabati, wiki ya tatu dada yuko wodini anapumulia oksijeni. Sitaji mtu wala kanisa na sina kisasi na yeyote, wengi wao walikuwa wanatupenda kweli na walitembea kwa mguu kuja kutuombea. Ugomvi wangu ni na lile wazo lililowatuma.

Aliyemtua mama mzigo ni nesi mmoja mtu mzima hivi. Aligeuza fomu nyuma akachora vyumba vinne kama dirisha, akamwambia mama, wewe una herufi mbili, A na S, mume wako naye ana A na S, nyie wote wazima mnalima mnacheka, mtoto anachukua moja kwako moja kwake. Chumba cha kwanza AA, cha pili AS, cha tatu AS, cha nne SS. Huyu wako kaangukia cha nne. Na akamwambia kitu ambacho watu wengi mpaka leo hawakijui, kwamba siyo ukishampata mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata wako salama, hapana, kila mimba inaanza upya, robo ileile, kama kurusha shilingi ambayo haikumbuki ilivyoanguka jana. Mama akaangalia vile vyumba muda mrefu sana halafu akauliza, kwa hiyo siyo mimi? Nesi akasema siyo wewe mama, wala siyo baba yao, wala siyo bibi. Ni bahati tu imeangukia hapo.

Sijawahi kusikia neno bahati likitamkwa kwa upole namna ile. Mama alilia palepale kwenye benchi, mbele za watu, na jioni ile aliongea na baba.

Sasa baadaye nilivyokua nikaanza kusoma kuhusu vile vyumba vinne nikakuta chimbuko la hesabu yake ni mtawa. Gregor Mendel, mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, kwenye monasteri ya Brno ambayo leo ipo Jamhuri ya Czech, alipanda njegere bustanini kuanzia 1856 akawa anazipandisha na kuhesabu mbegu moja moja. Kwenye kizazi cha pili cha jaribio lake moja alipata mbegu laini 5,474 na mbegu zilizokunjamana 1,850, yaani karibu tatu kwa moja. Jamani hebu fikirieni subira hiyo, mtu anasali masifu ya asubuhi halafu anatoka kwenda kuhesabu njegere elfu saba. Alichokiona ni kwamba huwezi kutabiri mbegu hii moja itatokaje, ila ukizikusanya nyingi, ule utata wa moja moja unaingia kwenye mstari. Sijaona popote kwamba hilo lilimtikisa imani, na mwaka 1868 wenzake walimchagua kuwa abati, yaani mkuu wa monasteri yao.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kama hii vita ya bahati na Mungu ni yetu kweli au tumeibeba tu.

Hebu angalia lugha yetu wenyewe. Ajali, hili neno tunalolitumia basi likipinduka, limetoka kwenye Kiarabu na huko maana yake ni muda uliowekwa, siku ya mtu iliyokwisha kupangwa. Yaani neno letu la kitu kisichopangwa asili yake ni neno la kitu kilichopangwa kabisa. Nasibu nayo ni hivyohivyo, asili yake ni fungu, sehemu uliyogawiwa. Halafu majaliwa, ambayo unaweza kuisema mtu akipata na ukaisema akikosa. Wazee waliotuachia haya maneno hawakutenganisha kilichotokea chenyewe na kilichotoka kwa Mungu, walivitia kwenye chungu kimoja. Mimi naona kulikuwa na hekima pale, ila kuna hasara pia, maana ukikosa neno la bahati isiyo na mtu nyuma yake basi kila bahati mbaya inaanza kutafutiwa mtu. Na tukimkosa Mungu wa kumlaumu, kwa sababu tunamwogopa, tunahamia kwa bibi kizee wa jirani mwenye macho mekundu, na Kanda ya Ziwa wote tunajua hiyo imeishia wapi kwa vikongwe wetu.

Turudi kwenye hiyo S maana ndiyo yenyewe hasa.

Vinasaba vyote vya mwanadamu kwa pamoja ni kama maandishi ya herufi karibu bilioni 3, na kila mtoto anapotungwa maandishi yananakiliwa, na kwenye kunakili kuna kukosea. Mimi na wewe kila mmoja kazaliwa na makosa mapya kama 60 hadi 70 hivi ambayo baba na mama hawakuwa nayo. Mengi hayafanyi lolote. S ni kosa la herufi moja, moja tu, kwenye sehemu inayotengeneza himoglobini ile inayobeba oksijeni kwenye damu, palipotakiwa A ya kikemia (siyo ile A ya nesi) pakaingia T, protini ikabadilika kidogo, na mtu akiwa na nakala mbili za hivyo, himoglobini ikipungukiwa oksijeni inashikana inakuwa nyuzi nyuzi, chembe ya damu iliyokuwa ya duara inajikunja kama mundu, ndiyo maana ya selimundu. Chembe nzima inaishi kama siku 120, hii ya mundu inaishi siku 10 mpaka 20. Na inakwama kwenye mishipa midogo, na pale inapokwama ndiyo yale maumivu ambayo dada aliwahi kuyaelezea kama mtu anakupondea kokoto ndani ya mfupa.

Swali ni je, hilo kosa la herufi lilijua linafanya nini? Hapa sayansi ina jibu zuri na watu wengi wanaobishana mitandaoni hawalijui. Mwaka 1943 Marekani jamaa wawili, Salvador Luria aliyetoka Italia na Max Delbrück aliyetoka Ujerumani, walichukua bakteria wakawakuza kwenye vyombo vingi vidogo vilivyotengana, kisha wakawamwagia virusi vinavyoua bakteria. Wachache huwa wanapona kwa sababu wana mabadiliko yanayowakinga. Wakajiuliza, haya mabadiliko yanakuja kwa sababu bakteria kamwona adui akajirekebisha, au yalikuwepo tayari kwa nasibu kabla adui hajaja? Kama ni kujirekebisha, kila chombo kingetoa idadi inayokaribiana, maana wote wamekutana na adui mmoja kwa wakati mmoja. Walichokuta ni vyombo vingi havina hata mmoja aliyepona, vingine wawili watatu, halafu kimoja kina mamia. Kama bahati nasibu kabisa, mmoja anaondoka na mamilioni mtaa mzima umekosa. Maana yake badiliko lilikuja mapema, huko nyuma, bila kujua chochote kuhusu adui, na kwenye chombo lilikotokea mapema likaacha watoto wengi.

Kwa hiyo mwanasayansi akisema nasibu hasemi haina chanzo. Chanzo kipo, kemia ipo, mionzi ipo, kuteleza kwa kunakili kupo. Anachosema ni kwamba badiliko halitazami shida ya kiumbe, halimpendi wala halimchukii. Naomba hii ishikwe vizuri sababu nusu ya ugomvi wa dini na mageuko, yaani ile habari ya viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, unaanzia hapo, mtu anasikia "nasibu" anaelewa "bila Mungu", wakati neno lenyewe limesema tu "bila kulenga".

Na hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mbu.

Kulikuwa na daktari anaitwa Anthony Allison, amezaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya. Mwaka 1949 alikuwa kwenye safari ya watafiti huko Kenya akawa anapima damu za watu wa makabila mbalimbali, akagundua kitu, watu wa pwani na watu wa huku ziwani wana S kwa wingi, watu wa nyanda za juu wenye baridi hawana au ni wachache sana. Akajiuliza nini kipo pwani na ziwani ambacho milimani hakipo. Sisi tuliokulia ziwani hatuhitaji kuambiwa. Mwaka 1954 akachapisha kwamba mwenye S moja, yule AS ambaye ni mzima tu, amekingwa dhidi ya malaria. Alikuwa amewaambukiza kwa makusudi Wajaluo 30 waliojitolea, kumi na tano wenye AS na kumi na tano wasio nayo, kwa wasio nayo 14 wakapata vimelea, kwa wenye nayo wawili tu. Leo huwezi kufanya hivyo kwa watu bila kibali na uangalizi mkali wa kamati ya maadili na ni sawa iwe hivyo, ila jibu lilipatikana, na tafiti za miaka iliyofuata zikaonesha AS inapunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kule Bundibugyo Uganda kwa Baamba walikutwa watu kama wanne kati ya kumi wana S.

Unaona sasa kilichotokea. Kosa lilikuja kwa nasibu, maelfu ya miaka iliyopita, huenda kwa mtoto mmoja asiyejulikana jina. Ila kuenea kwake hakukuwa nasibu hata kidogo. Kila msimu wa mvua malaria ilipita ikachukua watoto wa AA, wa AS wakabaki wakakua wakazaa. Gharama ikawa wale wa SS.

Nikwambie kwa nini hii siyo hadithi ya vitabu kwangu. Mimi ni AA. Nilipimwa nikiwa mkubwa. Na nilipokuwa na miaka minne nilipata degedege, malaria imepanda kichwani, bibi aliwasha moshi wa kinyesi cha tembo akanifukiza kwa sababu ndivyo walivyojua, baba akanibeba mgongoni mpaka zahanati na akadhani amebeba maiti. Wadogo zangu wawili wa AS walipata malaria kama homa ya kawaida wanaugua leo kesho wanacheza. Dada ni SS. Wazazi walewale, chungu kilekile cha ugali, mmoja kakosa S akakaribia kufa na malaria, mwingine kapata S mbili akawa anakufa kidogo kidogo kila mwezi, na wa katikati wako salama kwa sababu ya kitu kilekile kinachomtesa dada. Mama na baba wenyewe huenda walivuka utoto wao kijijini bila chandarua kwa sababu ya ile S. Kwa hiyo mimi nipo hapa naandika, kwa sehemu, kwa sababu ya herufi iliyokosewa. Niliposhika hilo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya siku nzima.

Sasa Mungu yuko wapi kwenye hii picha? Nimesoma na kusikia majibu mengi, nitataja machache yaliyonigusa.

Kuna jibu la Asa Gray, Mmarekani, mtaalamu wa mimea na Mkristo wa dhati, aliyekuwa rafiki kwa barua wa Charles Darwin, yule Mwingereza aliyeeleza mageuko. Gray alisema basi tuseme Mungu ndiye anayeyaongoza mabadiliko, anayaelekeza kwenye njia njema. Wengi wa dini wanaokubali mageuko wanalishika jibu hili, ni rahisi kulimeza. Darwin alimjibu mwaka 1868 kwa mfano wa mawe. Akasema fikiria genge limemomonyoka mawe yameanguka chini kila moja na umbo lake, akaja mjenzi akachagua hili la msingi hili la kona hili la juu ya mlango akajenga nyumba nzuri. Umbo la kila jiwe lina sababu zake, aina ya mwamba, mvua, ufa. Lakini je, unaweza kusema mwamba ulipasuka vile ili yule mjenzi apate nyumba?

Mtu wa Mwanza ukimpa mfano huo humpi kitu kigeni. Sisi tumezungukwa na mawe, vilima vyote vya mji ni mawe yamepandana, kuna familia zinaishi kwa kupasua, wanawasha moto juu ya mwamba mpaka upasuke, na ufa unapita unapotaka wenyewe. Nimekaa na wapasuaji nikiwa kijana nikifanya kibarua. Fundi mzuri haombi jiwe lipasuke anavyotaka yeye. Analizungusha mkononi, analiangalia, anajua litakaa wapi. Nyumba nyingi za vilimani zimesimama hivyo, hakuna mawe mawili yanayofanana na ukuta haujaanguka.

Darwin alitumia ule mfano kumkatalia Gray, na kwa Gray nadhani alikuwa sahihi. Maana ukisema Mungu aliongoza kila herufi, basi aliiongoza na ile ya dada, mkono wake ukaichukua A akaweka T huku anamjua kwa jina. Mimi hilo siwezi kulisali. Lakini mfano wenyewe haujaniondolea fundi. Darwin aliweka pale uteuzi wa maumbile, kile kitendo cha mbu na mvua na watoto waliopona, na mimi nakubali ndivyo ilivyoendeshwa, ila naamini yupo aliyetaka kuwe na nyumba, na aliridhia kujenga kwa mawe yaliyopasuka yenyewe. Imani hiyo siwezi kuithibitisha maabara, na sijawahi kusema naweza.

Mathayo sura ya 13 kuna mpanzi, nayo nimeisikia mara mia kabla sijaiona. Yule mtu anamwaga mbegu, hapandi kwa kamba na shimo kama tunavyopanda mahindi, anarusha kwa kiganja, nyingine njiani nyingine kwenye mwamba nyingine kwenye miiba. Ana nia ya mavuno, nia kamili kabisa, na hakuilenga punje hata moja. Na Mhubiri sura ya 9, kwenye Biblia yetu ya Kiswahili, imeandikwa wazi kwamba wakati na bahati huwapata wote. Limo humohumo neno bahati, kwenye kitabu kilekile kinachoinuliwa juu mtu akitangaza kwamba bahati haipo. Thomas wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa Katoliki, aliandika karne ya 13 kwamba maongozi ya Mungu hayaondoi bahati duniani, kwamba ulimwengu ambao kila kitu ndani yake ni lazima kitokee vilevile ungekuwa umepungukiwa. Miaka karibu 600 kabla ya Darwin.

Jirani yetu ni bibi Mwislamu, ndiye aliyekuwa anabaki na sisi mama akiwa wodini, na yeye alinipa kitu kingine. Alinisimulia Umar bin Khattab, khalifa wa pili, alivyokuwa anaelekea Sham, upande wa Syria ya leo, akafika mahali panaitwa Sargh akapata habari kwamba mbele kuna tauni. Akaamua kurudi. Kamanda wake Abu Ubaida akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu ndiyo, tunakimbia kutoka kadari ya Mungu kwenda kadari ya Mungu, akampa mfano wa mchungaji mwenye ngamia na bonde lenye pande mbili, moja lina majani na moja kame, akichunga huku ni kadari na akichunga kule ni kadari. Bibi akanambia mjukuu wangu, kwa hiyo dada yako mpeleke dozi yake ya mwezi, hiyo nayo imeandikwa. Sikuwahi kusikia tafsiri bora kuliko hiyo.

Na kuna Yohana 9, kipofu tangu kuzaliwa, wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake. Ni swali lilelile aliloulizwa mama. Yesu akasema siyo huyu wala siyo wazazi wake, kisha akainama akatengeneza tope akaanza kumhudumia. Najua sentensi inayofuata, ya kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake, na najua watu wanaichukua kusema basi Mungu alimpofusha makusudi ili apate cha kuonesha. Mimi naona mkazo uko kwenye mikono yenye tope. Kwanza kesi ikafutwa, halafu kazi ikaanza.

Sitaki nionekane nimemaliza kila kitu, kwa sababu kuna usiku ambao haya yote hayatoshi. Dada akiwa kwenye maumivu yale ya kweli, ukimletea habari ya mpanzi na wapasua mawe unamkosea adabu. Darwin mwenyewe alifiwa na bintiye Annie mwaka 1851, mtoto wa miaka kumi, na naamini mengi aliyoyaandika kuhusu Mungu yana kaburi lile ndani yake. Swali la kwa nini Muumba akubali njia ya gharama hivi, ambayo AS wengi wanalindwa na SS wachache wanalipa, liko palepale, na ninalipeleka kwenye sala kama lilivyo, wakati mwingine kwa hasira. Ayubu alifanya hivyo na hakuitwa kafiri, walioambiwa wamekosea ni wale marafiki waliokuja na maelezo.

Ila niseme kitu kwa wachungaji, mapadri na mashehe kwa heshima zote. Mnapotutayarisha kwa ndoa mnatuambia tukapime virusi vya Ukimwi, na watu wanaenda. Ongezeni na kipimo cha sikoseli. Tanzania watu kama 13 mpaka 20 kati ya 100 wana S moja na wengi hawajui, na wanaokadiriwa kuzaliwa na ugonjwa wenyewe ni watoto kama 11,000 kila mwaka. Siwaambii muwazuie wenye AS wasioane, hiyo ni juu yao na Mungu wao. Nasema wajue. Mtoto akizaliwa apimwe mapema, apewe penisilini na chanjo, aanzishiwe haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya sikoseli, daktari akiona inafaa, na siku ya maombi ya uponyaji mtu asishikwe mkono kuambiwa atupe vidonge. Muombeeni huku anakunywa. Ukiamini kwamba ugonjwa ulikuja kwa herufi iliyoteleza, hutakuwa na sababu ya kumfokea pepo kwenye mwili wa mtoto wa miaka sita huku unamtikisa mabega, na hayo mabega yanauma.

Dada mwaka huu amepata mchumba. Anafanya kazi, anakunywa dawa zake, akizidiwa anazidiwa, anarudi. Yule kijana alienda kupima mwenyewe bila kuambiwa, akarudi na karatasi imeandikwa AA. Jumapili baada ya misa tukakaa sebuleni, mama akauliza kwa sauti ya chini, sasa watoto watakuwaje. Dada akachukua bahasha ya zaka iliyokuwa mezani akaigeuza, akachora vyumba vinne kama alivyochora yule nesi, S na S upande wake, A na A upande wa mwenzake, akajaza kimoja kimoja. AS, AS, AS, AS. Mama akavaa miwani akavihesabu kwa kidole, akarudia tena.

"Hapa bahati iko wapi?"

"Hapo hakuna bahati mama," dada akasema. "Hapo wote."